Koblenz: Sanamu ya Kaisari na Alama ya Mangungo

Mji wa Koblenz umelipata jina lake kutokana na maji. Warumi waliojenga ngome yao mahali hapo, yapata miaka elfu mbili iliyopita, walipaita kwa neno la Kilatini lenye maana ya makutano, kwa kuwa hapo ndipo mto Mosel unapomaliza safari yake na kuingia katika mto Rhine. Karne baada ya karne neno hilo lilisagwa na ndimi za wenyeji na wapita njia hadi likabaki Koblenz. Sisi nasi tunayo majina ya namna hiyo. Msafiri wa Afrika Mashariki hakosi kupita kijiji au kituo cha basi kiitwacho Makutano. Ila makutano haya ya Wajerumani yamekanyagwa na majeshi ya Warumi, Wafaranki, Wafaransa, Warusi, Waprussia na Wamarekani, na wengi wao waliacha neno juu ya jiwe.

Nilikwenda huko Jumamosi moja ya mwezi Juni pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili: binti aliye kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tatu. Nilikuwa Ujerumani kwa utafiti wa miezi michache, na familia ilinifuata wakati wa likizo ya shule. Tulikaa Bonn, na kutoka Bonn hadi Koblenz treni ya mkoa hufuata kingo za Rhine kwa muda wa saa moja hivi. Mke wangu, ambaye haamini kwamba bei ya chakula katika mji wa watalii inaweza kuwa ya haki, alikuwa amefunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa na jambo langu la kimyakimya: nilitaka watoto waione sanamu moja.

Lakini mtoto wa darasa la tatu hawezi kuanzishiwa siku kwa sanamu ya mfalme. Tulianza na mji wa kale, na mji wa kale ukatupokea kwa mzaha. Katika uwanja mmoja karibu na jengo la halmashauri ya mji kuna chemchemi yenye sanamu ndogo ya mvulana mtundu. Kila baada ya dakika kadhaa mvulana huyo hutema mate ya maji kuelekea watu waliosimama mbele yake bila habari. Wenyeji humwita Schängel, jina ambalo husemekana kuwa limetokana na jina la Kifaransa Jean, kwa sababu Koblenz ilikuwa chini ya Ufaransa tangu mwaka 1794 hadi 1814, na watoto waliozaliwa na askari wa Kifaransa waliitwa Jean kwa wingi. Wajerumani wakalitamka kwa ulimi wao, jina la dhihaka likageuka kuwa jina la fahari la kila mzaliwa wa mji. Mwanangu aliloweshwa shati mara mbili, na mara ya pili alikuwa amekusudia.

Hatua chache mbele, katika uwanja wa Florinsmarkt, upo uso wa mtu mwenye ndevu chini ya saa ya ukutani. Macho yake huzunguka kushoto na kulia muda wote, na kila nusu saa hutoa ulimi. Simulizi inasema huyo ni kabaila aliyegeuka mnyang'anyi wa barabarani, akahukumiwa na kukatwa kichwa mwaka 1536. Nilimtazama binti yangu akicheka, nikawaza kwamba mji unaoweza kumtundika mhalifu wake ukutani na kumfanya acheze na watoto ni mji uliokwisha kuzoea kuishi na historia yake.

Karibu na mito inapokutana lipo kanisa la Mtakatifu Kastor, lililowekwa wakfu mwaka 836. Nje ni jengo la mawe lenye minara na utulivu wa kawaida wa makanisa ya kale. Ndani yake, mwaka 842, ilifanyika shughuli ambayo kila mwanafunzi wa siasa za Afrika angepaswa kuifahamu. Wajukuu watatu wa Karolo Mkuu, Lothar, Ludwig na Karolo, walikuwa wamepigana vita ya urithi na kumwaga damu nyingi. Sasa walikubali kugawana ufalme, na wajumbe wao wakakutana hapo. Waliaminiana kidogo sana, hata wajumbe wa Lothar walipanga makao ng'ambo moja ya Rhine na wajumbe wa ndugu zake ng'ambo nyingine, wakawa wanavuka kila siku kuja kanisani kujadiliana.

Mwandishi wa habari hizo ni Nithard, naye alikuwa mjukuu wa Karolo Mkuu kwa upande wa mama. Anaeleza kwamba mazungumzo yalikwama kwenye swali moja: je, yupo hapa mtu yeyote anayeufahamu ufalme huu wote? Hakupatikana. Ikazuka hoja kwamba haiwezekani mtu aape kugawa kwa haki kitu asichokijua. Ilibidi nchi ikaguliwe kwanza, na mkataba wenyewe ukaja kutiwa sahihi Verdun mwaka uliofuata, 843. Nawaomba wasomaji walishike swali hilo la Koblenz, maana tutalihitaji.

Mbele ya kanisa hilo ipo chemchemi ya mawe iliyojengwa mwaka 1812 na mtawala wa Kifaransa wa mkoa ule. Aliandikisha juu yake maneno ya kuuadhimisha mwaka wa kampeni ya Napoleon dhidi ya Urusi. Kampeni hiyo, kama tunavyojua, iliishia kwenye theluji na makaburi. Tarehe 1 Januari 1814 Warusi waliingia Koblenz, na kamanda wao akaikuta chemchemi ile. Angeweza kuivunja, na pengine askari wake walitarajia hivyo. Badala yake aliagiza ichongwe mistari mingine chini ya ile ya Mfaransa, kwa Kifaransa hichohicho na kwa lugha ya kiofisi, ikieleza kuwa maandishi ya juu yameonwa na kuidhinishwa na kamanda wa Kirusi wa mji. Mtumishi wa umma yeyote aliyewahi kugonga muhuri wa "imepokelewa" anaweza kuuonja utamu wa jibu hilo. Maandishi yote mawili yapo hadi leo, moja juu ya jingine, na hakuna anayehitaji mwalimu ili aelewe kilichotokea katikati.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye ncha ya nchi kavu ambapo mito miwili inagusana, mahali ambapo Wajerumani hupaita Deutsches Eck, yaani Pembe ya Ujerumani. Hapo ndipo ilipo sanamu niliyoikusudia. Kaisari Wilhelm wa Kwanza amepanda farasi, ametazama mbele, na kutoka chini ya msingi hadi kileleni ni mita 37. Mtu mzima aliyesimama chini hafikii hata vidole vya ngazi za juu za msingi ule.

Historia ya sanamu yenyewe ni darasa. Ilizinduliwa mwaka 1897, miaka tisa baada ya Kaisari kufariki, wakati mjukuu wake Wilhelm wa Pili akitawala. Mwaka 1945 ilipigwa na mizinga ya Wamarekani ikaharibika. Kwa miongo kadhaa ulibaki msingi mtupu, na mwaka 1953 Rais Theodor Heuss aliutangaza kuwa ukumbusho wa umoja wa Ujerumani iliyokuwa imegawanyika. Baada ya nchi kuungana tena, nakala mpya ya sanamu ilirudishwa mwaka 1993, kukiwa na mabishano makali juu ya kama demokrasia inamhitaji Kaisari juu ya farasi. Pembeni mwake vimewekwa vipande vitatu vya Ukuta wa Berlin. Yaani mtu anaweza kusimama mahali pamoja akaona fahari ya dola na adhabu yake kwa mtazamo mmoja.

"Baba, huyu ni nani?" binti yangu aliuliza.

Nilimweleza kwamba huyu ndiye aliyetia sahihi karatasi iliyotufanya sisi kuwa koloni. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari huyu alitoa barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters. Barua hiyo iliweka chini ya himaya ya Ujerumani nchi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa kutegemea mikataba ambayo Peters na wenzake walikuwa wameikusanya kwa machifu katika wiki chache za mwisho wa mwaka 1884.

"Alishawahi kufika kwetu?"

"Hajawahi."

"Sasa aligawaje kitu asichokijua?"

Sikumfundisha swali hilo. Alikuwa amesikia habari za kanisani muda mfupi uliopita, akaunganisha mwenyewe. Wajumbe wa mwaka 842, watu ambao vitabu vya kale huwaita washenzi wa zama za giza, waliona aibu kugawa nchi ya baba zao bila kuikagua. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mabwana wenye vyuo vikuu, reli na ramani walipiga muhuri juu ya mito ambayo hawakujua inakotoka na watu ambao hawakujua wanajiitaje. Aibu ile ya kanisani haikuwa imepotea. Wajerumani na Wafaransa waliendelea kugombania kila hatua ya ardhi ya Rhine kwa vipimo na vitabu vya kumbukumbu. Walichofanya ni kutuweka sisi nje ya mipaka ya aibu hiyo.

Ndipo mke wangu, aliyekuwa akimenya mayai kwenye ukuta wa mto, alipotoa swali lililonifuata hadi leo: "Na yule wa kwetu aliyetia alama kwenye mkataba, sanamu yake iko wapi?"

Alimkusudia Mangungo wa Msovero. Ndugu msomaji, unamfahamu. Katika siasa za Tanzania jina la Chifu Mangungo ni tusi. Mkataba wa madini ukizua mashaka, tunasema ni wa Mangungo. Mbunge akitaka kumzodoa waziri, humwita Mangungo. Shuleni hufundishwa kwa kicheko: mzee mmoja mjinga aliyedanganywa na Mzungu kwa zawadi na kinywaji, akaiuza nchi. Kicheko hicho ni kizee kuliko uhuru wetu, na mimi nadhani wakati umefika wa kukihoji.

Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya Kijerumani, lugha asiyoijua, iliyotumia dhana ya umiliki wa ardhi isiyokuwapo katika sheria za watu wake. Hakuwa na mwanasheria, hakuwa na nakala ya kwenda kuisoma upya. Tena hakuwa na Usagara mfukoni hata aweze kuiuza. Alikuwa mtawala wa sehemu yake, kati ya watawala wengi. Karatasi ile peke yake isingehamisha hata mti mmoja. Iliyoipa nguvu ni sahihi ya mtu huyu aliye juu ya farasi, kisha manowari zilizokuja Zanzibar kumshurutisha Sultani, kisha bunduki zilizokuja pwani. Kumtupia Mangungo lawama ya ukoloni ni kumwondolea Kaisari mzigo wake na kumtwisha mtu aliyedanganywa.

Kicheko hicho kina faida kwa watu fulani. Anayetia sahihi leo anaijua lugha ya mkataba. Ana wanasheria, wachumi na washauri wanaolipwa kwa dola, ana vyumba vyenye kiyoyozi vya kujadiliana, na ana muda. Akikosea, sisi tunamwita Mangungo, naye anapata utetezi asioustahili, kwamba yeye pia alidanganywa tu. Mwaka 2017 Bunge letu lilitunga sheria inayolipa mamlaka ya kuipitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti hasi yajadiliwe upya. Ni hatua ya maana. Lakini mwananchi wa kawaida anayeishi kando ya mgodi bado hana njia rahisi ya kuusoma mkataba unaotawala maji yake na vumbi analovuta. Mangungo hakuusoma mkataba kwa sababu hakujua Kijerumani. Yeye anajua kusoma, ila karatasi haijapata kuwekwa mbele yake.

Nikiwa pale chini ya sanamu niliwaeleza watoto habari ya nyumbani kwao. Mimi ni mzaliwa wa Ungoni. Bibi yangu mzaa baba alisimuliwa na mama yake, aliyekuwa msichana mdogo wakati wa Vita vya Majimaji, jinsi askari walivyochoma maghala na mashamba hadi watu wakaishi kwa mizizi ya porini. Wanahistoria wetu wamekadiria kwamba vita ya miaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoifuata, iliua watu kati ya 250,000 na 300,000. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na chungu cha mbegu ambacho hakikuguswa hata mwaka wa mavuno mabaya kabisa. Tulidhani ni ukali wa uzee. Alikuwa anafuata amri iliyotolewa na njaa ya mwaka 1906. Na kila tarehe 27 Februari, tarehe ileile ya barua ya Kaisari, watu wa Songea hukusanyika kuwakumbuka wapiganaji walionyongwa na Wajerumani mwaka huo.

Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akazungumza na vizazi vya waliouawa na kuomba msamaha. Sidharau tendo hilo. Miji kadhaa ya Ujerumani nayo imeanza kujisoma upya. Mjini Berlin, mtaa uliokuwa na jina la Hermann von Wissmann, kamanda aliyeizima vita ya Abushiri, tangu mwaka 2021 unaitwa kwa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa Kitanzania aliyepigania uhuru na kushika wadhifa wa naibu waziri. Sanamu ya Wissmann huyohuyo ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ikaondolewa na Waingereza, ikahamishiwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo hicho ndio walioiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Wanafunzi wanaonisoma wazingatie: walioiangusha hawakuwa Waafrika. Walikuwa vijana waliochoka kusomea chini ya uongo wa wazee wao.

Baada ya chakula tulipanda magari ya kamba yanayovuka Rhine hadi ngome ya Ehrenbreitstein, iliyojengwa upya na Waprussia kuanzia mwaka 1817. Magari hayo yaliwekwa kwa ajili ya maonyesho ya bustani ya mwaka 2011, na kwa kuwa bonde hilo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2002, yaliruhusiwa kwa muda na kwa masharti. Kutoka juu Kaisari huonekana mdogo kama kichezeo. Mito ndiyo iliyobaki mikubwa: Rhine na Mosel zikitembea bega kwa bega kwa kitambo, kila moja na rangi yake, kabla ya kuchanganyika. Mwanangu alidai kwamba Mosel inaogopa. Dada yake akasema haiogopi, inajadiliana.

Jioni, tukirudi kituoni kwa njia ya ukingo wa Rhine, tulipita jengo dogo la mviringo lililokuwa winchi ya kupakulia mizigo ya meli tangu karne ya 17, na baadaye likawa nyumba ya kupimia kina cha mto. Ukutani kuna alama za mafuriko, kila alama na mwaka wake. Mwanangu alijipima nazo moja baada ya nyingine, akagundua kwamba zilizo nyingi zingemzamisha. Alituuliza aliyeziandika ni nani. Nilimjibu kuwa ni watumishi wa mji, mmoja baada ya mwingine kwa vizazi, bila kuchagua mafuriko ya kujivunia.

Nimefikiria sana juu ya ukuta ule. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa, watu wakafa, nasi tukalia. Sijawahi kuona Dar es Salaam ukuta wa umma wenye mstari unaosema: maji yalifika hapa. Bila mstari huo, kila mvua huja kama ya kwanza, kila afisa hushangaa upya, na kila kibali cha ujenzi bondeni hutolewa kwa dhamiri safi. Mikataba nayo ni mafuriko ya aina yake. Isipowekwa alama mahali ambapo kila mtu anapita, kizazi kinachofuata kitajenga nyumba palepale.

Kwa hiyo naliweka pendekezo langu mbele ya wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa. Msovero si hadithi ya kitabuni. Msowero ni kata iliyomo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, na barabara inafika. Wekeni pale jiwe. Liandikwe maneno ya mkataba wa mwaka 1884 kwa Kijerumani kama yalivyokuwa, na chini yake tafsiri ya Kiswahili ambayo Mangungo hakupewa. Chini yake tena iachwe nafasi, kama ile aliyoitumia kamanda wa Kirusi, ili sisi tuandike kwamba tumeyaona maneno hayo, na kwamba hatuyaidhinishi. Na watakaopewa jukumu la kulichonga jiwe hilo wawe vijana wa kata hiyohiyo, wapewe kwanza siku nzima ya kuyasoma maneno yote.

Binti yangu ameniuliza kama likizo ya Desemba tutasafiri. Nimemwambia tutakwenda Kilosa.